Uzi: Top Gear ya zamani, ile ya Clarkson na wenzake, mnaicheki wapi ikiwa nzima? Naks (Nakuru), Kisumu na magharibi yote ingieni

Fundi_wa_58 (mwenye uzi), Jumamosi saa 3:12 usiku

Wakuu habari za wikendi. Niko Naks, Section 58, mvua imenyesha tangu saa kumi hakuna gari hata moja imeletwa gereji so niko na muda wa kuwasumbua. Ile Top Gear, show ya magari ya BBC, ya Clarkson, Hammond na May, sio hizi zilikuja baadaye, mtu anaipata wapi ikiwa mzima? YouTube ni vipande tu, dakika saba dakika kumi, gari inaanza kuzama vizuri halafu kipande kinaisha. Mimi natafuta hasa ile ya 2013 waliyoenda kutafuta chanzo cha Nile, sehemu zote mbili, Clarkson akiwa na BMW 528i, Hammond na Subaru Impreza, May na Volvo 850R, zote stesheni wagoni.

Sababu ni mzee wangu. Aliendesha Peugeot 504 ya abiria Nakuru Kisumu miaka na miaka, saa hii goti limemkalisha nyumbani. Nikamwambia kuna wazungu watatu walinunua magari kuukuu wakaendesha Uganda, Rwanda hadi Tanzania. Akaniangalia tu. Akasema mzungu haendeshi gari kuukuu Afrika, anaendesha Land Rover ya mission. Nataka nimnyamazishe Jumapili ijayo. Nani ako na njia?

ProboxLord, saa 3:15

Mulembe. Toyota Probox ingefika hicho chanzo wakiwa bado wanafunga mizigo, na imebeba watu kumi na mbili, kuku watano na gunia ya mahindi ya shemeji.

NyarDunga, saa 3:21

Mimi hiyo ya Nile niliicheki na nikakasirika hadi leo sijapoa. Watu wanakuja hadi huku kwetu, wanakula jam ya Kampala usiku kucha, wanazunguka ule upande mwingine wa Ziwa, halafu Kisumu hawafiki? Hata samaki ya Dunga hawakuonja. Kutoka Busia mpaka hapa ni masaa mawili na kitu tu jamani

Mwana_wa_Nzoia, saa 3:30

Na kama ni chanzo cha Nile wangeuliza sisi. Nzoia inamwaga maji yake kwa Ziwa kila siku ya Mungu, inatoka huko juu Cherangani na Elgon. Wangeanzia Kitale, wateremke Webuye, Mumias, hadi Budalang'i, kama ni msimu wa mvua hizo gari zote tatu zingeisha hapo, show ingekuwa tamu kushinda ile.

TurboTimboroa, saa 3:34

Nzoia ni mto mkubwa lakini Kagera ndio unaoleta maji mengi kwa Ziwa kushinda mto mwingine wowote, ndio maana watu wakitafuta chanzo cha mbali kabisa wanaufuata huo wanaishia milima ya Rwanda na Burundi. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, naye alifika Jinja 1862 akaona maji yanatoka, akasema kazi imeisha. Sasa turudi kwa magari kabla Mwana_wa_Nzoia hajaanzisha vita ya mito.

Mwana_wa_Nzoia, saa 3:35

Vita ilianza zamani omwami

Mama_Vitz, saa 3:41

Fundi acha kujisumbua. Enda kwa jamaa wa duka la muvi, mpe flashi na mia moja, mwambie Top Gear, anakuwekea sizoni kumi na zote zinacheza. Mimi hapa Kakamega ndio nilifanya hivyo. Shida ni moja tu, majina ya mafaili yake yanachanganya, nilifungua moja imeandikwa sizoni ya tano nikapata harusi ya mtu wa Butere. Nimeimaliza hiyo harusi. Chakula kilikuwa kingi.

TurboTimboroa, saa 4:02

Ngoja nieleze hii kitu vizuri kwa sababu kila mwaka swali linarudi hapa na kila mwaka watu wanadanganyana.

Top Gear ni ya BBC, ilianza 1977 ikiwa kipindi cha kawaida cha magari, mtu amesimama kando ya gari anakuambia buti inabeba nini na inakula mafuta kiasi gani. Ikalala, ikaamshwa 2002 ikiwa na sura mpya, Clarkson na Hammond, May akaingia sizoni ya pili 2003. Hao watatu wakaenda hadi sizoni ya 22 mwaka 2015, Clarkson akampiga produsa wake hotelini juu ya chakula cha usiku, BBC ikakataa kumpa mkataba mwingine na hao wengine wawili wakamfuata. Kwa hivyo ukisema "ya zamani" unamaanisha hizo miaka kumi na tatu.

Sasa kupatikana. iPlayer, ule mtandao wa BBC wa kucheki vipindi, ni ya watu walio Uingereza. Ukiifungua ukiwa Naks inakuambia pole. Kuna watu watakuja hapa chini kukuambia VPN, ile ya kuficha uko nchi gani, mimi siwezi kukuambia hivyo, na hata ukiiweka ile kitu wanaijua na wanaifunga. Huku kwetu tuliizoea kwa DStv, chaneli ya BBC Brit, lakini hapo unakula ulichopakuliwa, leo ile safari ya Botswana, kesho sizoni ya LeBlanc aliyekuja baada ya Clarkson, kesho kutwa marudio ya juzi. Na kuna kitu wengi hawajui: zile zinazouzwa nje zinapunguzwa, ile ya nyumbani ni saa nzima bila matangazo, ya nje inakatwa ili matangazo yaingie. Halafu muziki. BBC ikipeperusha kwao inaweza kutumia karibu wimbo wowote, lakini ikienda kwa DVD au kwa mitandao ya kustrimu kila wimbo unataka malipo yake, so wanautoa wanaweka kinanda cha bure. Ndio maana unaweza kucheki episodi uliyoipenda ukiwa chuo ukahisi kuna kitu kimepotea na hujui ni nini. Ni ule wimbo.

Ile show yao ya baadaye, Grand Tour, ni rahisi. Hiyo ni ya Amazon, wale wale watatu, ilianza Novemba 2016, na Prime Video ikafunguliwa huku kwetu Desemba hiyo hiyo. Unalipa na ile kadi ya Visa ya kwa M-Pesa, unashusha kwa simu ukiwa na Wi-Fi ya ofisi, unacheki nyumbani bila bando. Lakini Nile haiko huko kwa sababu Nile ni ya BBC. Hapo ndipo Fundi amekwama, na hajakwama peke yake.

Shiro_Naks, saa 4:05

Huyu TurboTimboroa anaongea kama ameajiriwa nao. Lakini ya muziki ni ukweli, mimi niliona Botswana mara mbili kwa njia mbili tofauti na ya pili ilikuwa kama mazishi

KondeleFinest, saa 4:11

Botswana 2007 ndio mwisho wa maneno. Lancia ya Clarkson, Mercedes 230E ya May, na Hammond na ile Opel Kadett yake aliyoiita Oliver. Wanaambiwa wapunguze uzito kabla ya kuvuka jangwa la chumvi la Makgadikgadi, Clarkson anang'oa milango, May anang'oa vioo, Hammond anasema Oliver haguswi. Halafu Oliver anazama mtoni. Nilikuwa hosteli Maseno, tuko kumi na nne kwa laptopu moja, msee mmoja akalia. Sitamtaja. Ni mimi.

ProboxLord, saa 4:13

Na yule Hammond akaisafirisha hiyo Kadett hadi Uingereza. Gari ya kubebea kabeji imepandishwa meli. Mapenzi ni upofu

MzeeKijana_Kericho, saa 4:26

Nitasema kitu na mtanitusi. Hiyo show haikuwa ya magari. Ukitaka kununua gari Clarkson hakusaidii kitu, anakuambia hii ni nzuri kuliko zote duniani halafu wiki ijayo anasema hivyo kwa nyingine. Chris Harris wa hizi za baadaye anajua gari kuliko wote watatu wakiwekwa pamoja, anaendesha anakueleza mpaka unahisi usukani mkononi, lakini nyinyi mlishaamua bila Clarkson hamuangalii. Na msisahau huyo Clarkson wenu mdomo wake uliwaletea shida mara ngapi. Meksiko BBC iliomba msamaha 2011. Argentina 2014 walikimbia kwa mawe juu ya namba ya gari, H982 FKL, watu wakasema ni kejeli ya vita vya Falklands.

NyarDunga, saa 4:33

@MzeeKijana_Kericho hapo kwa mdomo uko sawa na mimi mwenyewe kuna mahali nilizima. Lakini nikuambie kitu kimoja nilichoona kwa hizo za Afrika. Mzungu akija na kamera huku kawaida anatafuta mtoto ana nzi usoni. Hawa walikuja, na mjinga kwa hiyo picha alikuwa ni wao. Gari inakufa wao wanasukuma, mwanakijiji amesimama kando na baiskeli anawaangalia vile sisi humuangalia mtu amevaa suti amekwama matope. Mimi hapo ndipo nilicheka.

Omena_Express, saa 4:50

Na hiyo ndio sababu sisi tunaipenda kushinda wazungu wenyewe. Kwao ni vichekesho, kwetu ni Jumanne.

Sikilizeni. 1998, sikumbuki mwezi, mjomba wangu anatutoa Kisumu kwenda mazishi Busia na 404 yake ya rangi ya chai. Tuko tisa. Hatujapita Luanda harufu ya petroli imejaa ndani mpaka shangazi anaanza kuomba. Mjomba anateremka, analala chini ya gari na shati yake nyeupe ya mazishi, anarudi anasema tanki imetoboka, si sana, kama ncha ya msumari. Anauliza nani ako na sabuni. Sio fundi, sabuni! Shangazi anafungua begi anatoa kipande cha sabuni ya kufulia alichobebea wafiwa, mjomba anaimenya na kucha, anaifinyanga na mate mpaka inakuwa kama ugali uliolala, anabandika. Tukafika Busia. Tukazika. Tukarudi. Hiyo sabuni ilikaa kwa tanki mpaka mjomba akauza gari, na aliyenunua hakuambiwa.

Sasa mimi nikiona May na vifaa vyake amevipanga kwa mstari kulingana na urefu, nakumbuka shangazi na sabuni. Shangazi angemshinda.

Shiro_Naks, saa 4:52

KUCHA?? 😂😂😂

Fundi_wa_58, saa 4:58

Omena omera umeniua. Na niwathibitishie wenye shaka, sabuni inashika kweli kwa tanki ya petroli, petroli haiiyeyushi haraka vile maji yangeiyeyusha. Lakini ni ya kukufikisha kwa fundi, sio ya kukaa nayo mpaka uuze. Nimepata moja gereji hapa, mwenye gari anabisha ati ndio imetoka nayo Japani.

KondeleFinest, saa 5:04

Swali la kweli sasa. Ile Hilux waliyotesa 2003. Hilux ya dizeli ya 1988, imetembea zaidi ya kilomita laki tatu, wanaifunga ufukweni maji ya bahari yanajaa yanaibeba, inakaa chini ya maji masaa, wanaitoa, jamaa anaifungua anaifuta anaibembeleza, inawaka. Wanaiangushia karavani. Wanaipiga na ile mpira ya chuma ya kubomolea nyumba. Wanaichoma moto. Inawaka. Mwisho wanaipandisha juu ya gorofa ndefu na kuibomoa hiyo gorofa na baruti. Inatolewa kwa kifusi, inawaka, na sheria ilikuwa fundi asitumie spea mpya. Je Probox ingetoboa?

ProboxLord, saa 5:05

Bahari, ndio. Karavani, ndio. Gorofa, ndio. Barabara ya kwetu Shianda wakati wa miwa? Hapo tuombe

MzeeKijana_Kericho, saa 5:09

Probox haingetoboa hata bahari. Hiyo injini ya Hilux ni dizeli ya zamani, haina kompyuta, haina plagi za cheche, ikipata mafuta na hewa inaenda. Probox ya petroli ina boksi ya kompyuta, maji ya chumvi yakiingia hapo umeenda nyumbani na boda.

ProboxLord, saa 5:10

Huyu mtu wa chai amekuja kuharibu uzi

Jamaa_wa_Muvi_Kibuye, saa 5:31

Nimeona mmetaja kazi yetu. Mimi niko na duka la muvi hapa karibu na Kibuye na nitasema ukweli. Top Gear zamani ilikuwa inauza, wanafunzi walikuwa wanakuja na flashi za GB nne. Siku hizi ni Wakorea na Wanaijeria na muvi za DJ Afro, mtu wa magari ni mmoja kwa mwezi na mara nyingi ni mzee. Nile niko na sehemu ya kwanza peke yake. Ya pili faili iliharibika, inafika dakika ya ishirini inasimama na May amefungua mdomo.

TurboTimboroa, saa 5:38

Na hiyo ndio shida ya flashi. Sio polisi. Ni May na mdomo wazi milele. Lakini pia tukubaliane kazi ya watu ni kazi ya watu, ukipata njia ya kulipa lipa.

Mama_Vitz, saa 5:40

Nitalipa nani na sioni pa kulipia? Wafungue duka nitaingia. Mtu anafunga mlango halafu anakasirika umepitia dirishani

NyarDunga, saa 5:44

Mama Vitz leo umeongea. Mimi niko tayari na pesa yangu mkononi tangu 2013.

Shiro_Naks, Jumapili saa 1:20 asubuhi

Fundi nimefikiria jambo yako usiku. Kama shida ni kumthibitishia mzee ati wazungu huendesha gari kuukuu Afrika, si lazima iwe Nile. Iko ile ya mwisho kabisa ya Grand Tour, One For The Road, ilitoka Septemba 2024, iko Prime. Zimbabwe hadi Botswana. Clarkson na Lancia Montecarlo, Hammond na Ford Capri, May na Triumph Stag. Mzee wa umri wake hizo Ford anazijua, Naks zilikuwa zimejaa. Na wanamalizia pale pale Makgadikgadi, kisiwa cha Kubu, walipokuwa 2007. Unalipia mwezi mmoja unakata.

Fundi_wa_58, saa 1:34

Shiro dada yangu Mungu akubariki. Nangoja Jumapili ijayo ya nini, naifanya leo.

KondeleFinest, saa 1:36

Wekeni leso karibu. Nasema tu

Fundi_wa_58, saa 11:47 jioni

Ripoti. Kadi ya M-Pesa ilikubali mara ya pili. Nikashusha hapo gereji na Wi-Fi ya jirani (nimemlipa na kubadilisha oili), kiwango cha chini kwa sababu cha juu kinakula GB mbili tatu kwa saa moja, nikaja nyumbani nikaunganisha simu na TV.

Mzee ameketi, mguu kwa stuli, blanketi. Dakika kumi za kwanza hajasema kitu. Kizungu cha Clarkson ni cha haraka nikawa namtafsiria, akaniambia ninyamaze nisikie injini. Capri ikapita akasema "hiyo alikuwa nayo mhindi wa Kenyatta Avenue, ya manjano." Stag ya May ikatokea, hajaiona hiyo gari maisha yake yote, akaangalia vile imeketi, akasikiliza kidogo, akasema "hiyo itachemsha." Nikasoma baadaye, hizo Stag sifa yao mbaya dunia nzima ni hiyo hiyo, kuchemsha. Amejuaje sijui. Nimeuliza, anasema ni vile inapumua.

Halafu ikafika mahali wamekwama wanabishana, wazee watatu na mvi zao, na mzee wangu akacheka. Sio kucheka kwa heshima, alicheka mpaka blanketi likaanguka, akasema hao ni yeye na turnboy wake pale mlima wa Londiani. Tangu mama aende sijamsikia hivyo.

NyarDunga, saa 11:52

🥺 aki

Omena_Express, saa 11:53

Mpe salamu mzee. Muulize kama aliwahi kutumia sabuni.

Fundi_wa_58, saa 11:58

Amesema sabuni ni ya tanki, fan belti ni soksi ndefu ya mwanamke, na abiria mmoja kila safari lazima awe amezivaa. Alikuwa anakagua kabla ya kutoka steji.

Shiro_Naks, saa 12:01

KUKAGUA 😂😂 mzee!

TurboTimboroa, saa 12:06

Wamefika Kubu ama bado? Usimwambie vile inaisha.

Fundi_wa_58, saa 12:19

Hawajafika. Token ya stima imeisha, imebaki kama dakika ishirini na TV imezima chumvi ikiwa imeanza kuonekana. Mzee ako kwa giza ananiambia niende ninunue haraka kabla hao watu hawajaenda. Nimemwambia imerekodiwa haiendi mahali. Anasema niende tu.

ProboxLord, saa 12:20

Kabla uende muulize kuhusu Probox

Fundi_wa_58, saa 12:22

Nimemuuliza. Amesema hiyo si gari, ni punda, na punda hafii barabarani, anangoja akufikishe nyumbani ndio afe. Naenda token.

ProboxLord, saa 12:22

Naweka hiyo kwa kioo cha nyuma kesho asubuhi